Anayetuletea kompyuta atuachie na flashi yake



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10, isipokuwa kwa wale wanaojiandikisha kupewa nyongeza ya muda. Mashini zinazoitumia hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kufanya kazi, lakini matundu yanayogunduliwa ndani yake hayazibwi tena. Windows 11 nayo inachagua: inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 haizikubali. Kwa hiyo katika ofisi, shule na benki za Ulaya na Marekani kuna mashini nyingi nzima, zenye nguvu bado, ambazo wenyewe wanataka kuziondoa mezani. Msidhani ni habari ya mbali. Kompyuta ya zamani ya Ubelgiji ina desturi ya kumalizia maisha yake Lubumbashi, Likasi au Kolwezi. Itauzwa sokoni kwa bei nafuu, italetwa na ndugu aliyeko Bruxelles, italetwa na parokia au na shirika lenye bendera yake. Na hapa Lubudi zitafika. Ninachotaka kusema leo ni jinsi ya kuzipokea.

Maana tunajua zinavyopokelewa kawaida. Kuna hotuba, kuna nyimbo za watoto, kuna picha ya mkubwa akiwa ameweka mkono juu ya mashini. Fundi aliyekuja na msafara ameweka programu usiku wa kuamkia sherehe, na kesho yake amerudi na msafara ule ule. Mwezi wa tatu mashini moja inakataa kuwaka. Nyingine inaomba neno la siri ambalo fundi aliondoka nalo kichwani mwake. Nyingine imejaa virusi vilivyoletwa na flashi za wanafunzi, na imeanza kuficha kazi za mwalimu. Kumwita fundi kutoka Kolwezi ni kumlipia safari, chakula na pa kulala kabla hata hajafungua mkoba. Mwisho wa mwaka kompyuta zimefunikwa kitambaa katika ofisi ya prefe, na ukiuliza, unaambiwa zinangoja.

Maoni yangu ni haya. Kamati yoyote ya wazazi inayoletewa kompyuta ikatae kutia sahihi kwenye karatasi ya kupokea mpaka iwekewe mkononi flashi yenye mfumo mzima wa mashini hizo, na mpaka watu wawili wa hapa hapa, mbele ya mleta zawadi, wawe wameitumia kufuta mashini moja na kuirudisha ikiwa mpya. Najua kumwambia mgeni hivyo ni vigumu kwa desturi zetu. Mtu amekuja na mkono uliojaa, unamwekea masharti! Lakini mashini isiyoweza kutengenezwa mahali ilipo imeazimwa tu, haijatolewa.

Flashi gani hiyo? Wengi wetu tunajua flashi ya kubebea nyimbo, mahubiri na filamu. Hii ni ile ile ya sokoni, ya GB 16 au 32, ila ndani yake imewekwa Linux kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski. Unaichomeka, unawasha mashini, unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9 au Esc, na kwenye baadhi ya mashini inabidi kwanza uzime kufuli inayoitwa Secure Boot. Baada ya dakika chache una mfumo mzima mbele ya macho. Hata diski ikiwa imekufa, mashini inafanya kazi. Ukiridhika, kuna kitufe cha kusimika mfumo huo huo ndani ya diski, kazi ya robo saa au nusu saa kufuatana na nguvu ya mashini. Halafu unachomoa flashi, unakwenda kwenye mashini ya pili, unapata kitu kile kile, na ya tatu, mpaka ya ishirini, bila kununua hata mega moja.

Jambo hili si jipya. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki. Mwaka 2000 Mjerumani mmoja, Klaus Knopper, alitoa Knoppix, mfumo mzima uliowaka kutoka kwenye CD, na watu walishangaa. Mwaka 2004 mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alitoa Linux yake akaiita Ubuntu. Waluba wa hapa hawahitaji kufafanuliwa jina hilo, kwa maana kwao ni bumuntu. Watu husifu Linux kwa kuwa haina bei. Mimi naona kilicho kikubwa zaidi ni ile ruhusa: sheria yake inakuachia kuinakili, kuibadilisha na kumgawia jirani, na hakuna atakayekuita mwizi.

Hiyo ruhusa ya kubadilisha ndiyo kiini cha maneno yangu. Mtu anaweza kuchukua Linux kama ilivyotoka kwa wenyewe akaisimika kwenye mashini kumi, kisha akaanza kuweka katika kila moja programu za kuandikia, kibodi, printa, vitabu. Kazi hiyo ameifanya mara kumi, na kila mara anahitaji intaneti. Anayejua anaitayarisha mara moja. Hapa tunajua kazi ya matofali. Hakuna anayeunda tofali kwa vidole. Unatengeneza kalibu, unaipima vizuri, ndipo unafyatua. Flashi iliyotayarishwa ni kalibu.

Inatayarishwaje? Chukua kompyuta moja nzuri, mahali penye intaneti ya kutosha, hata kama ni kwenda Kolwezi au Lubumbashi siku mbili. Simika Linux ndani yake. Weka kila kitu unachotaka, ondoa usichotaka. Kisha tumia programu inayopiga mfumo huo picha nzima na kuugeuza kuwa faili moja la kuwekwa kwenye flashi. Mimi napendekeza MX Linux, iliyojengwa juu ya Debian, kwa sababu programu ya kupiga picha hiyo imo ndani yake tayari, inaitwa MX Snapshot, na ile ya kuandika flashi imo pia. Wengine watasema Linux Mint, wengine Ubuntu iliyotengenezwa kwa Cubic. Sina ugomvi nao. Mashini yenye RAM ya GB 2 inatembea na MX bila kulia sana, mradi usifungue kurasa kumi za intaneti kwa pamoja.

Kuna hatua moja ambayo lazima nikae juu yake. MX Snapshot inakuuliza unataka picha ya aina gani. Ya kwanza inabeba yote: jina lako, picha zako, barua zako, maneno ya siri ambayo kivinjari kinakumbuka. Hiyo ni akiba yako binafsi. Ya pili inaacha nje watumiaji wote na mafaili yao, na hiyo ndiyo ya kugawia watu. Fundi mwenye haraka akichagua ya kwanza, atasambaza barua zake na za mke wake katika shule nzima. Lakini ya pili nayo ina gharama yake: mipangilio uliyofanya chini ya jina lako haiingii kwenye flashi. Umepanga alama mezani, umeweka ukurasa wa mwanzo, umechagua ukubwa wa maandishi, na flashi ikiwaka huoni kitu. Dawa ni kuiweka mipangilio hiyo katika folda ya mfano, /etc/skel, ambayo mfumo unainakili kila anapozaliwa mtumiaji mpya. Vijana wengi wanakata tamaa hapo wakidhani flashi imeharibika.

Sasa ndani tuweke nini? Hapa ndipo ninapowaomba walimu waingilie, wasiwaachie mafundi peke yao.

Lugha kwanza. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini vitabu vya sekondari ni vya Kifaransa na mtihani wa Exetat ni wa Kifaransa. Kwa hiyo mfumo uwe wa Kifaransa, na Kiswahili kiwe pembeni yake kwa anayekitaka. Juhudi za kuipa kompyuta Kiswahili zimekuwepo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Hata hivyo Kiswahili cha Dar es Salaam na hiki chetu cha Katanga si pacha, na mwanafunzi wa Lubudi akikutana na maneno ya kule, huenda akaelewa Kifaransa haraka zaidi. Tunachoweza kufanya sisi wenyewe ni kitu kidogo zaidi: kijitabu cha kurasa kumi, kwa Kiswahili tunachosema hapa, kinachoeleza kuwasha, kuandika, kuhifadhi na kuzima, kikiwa juu ya meza ya kila mashini. Na kama kuna wa kukiweka katika Kisanga au Kiluba, nani atamkataza?

Kibodi ya pili. Mashini ya Ubelgiji ina kibodi yake, ya Ufaransa ina yake ingawa zinafanana, na ya Marekani ni mpangilio mwingine kabisa. Mtoto akibonyeza A akapata Q, mwalimu anasema mashini imerogwa. Wekeni zote tatu kwenye flashi, na alama ya kubadilishia iwe mahali panapoonekana.

Saa nayo. Ni jambo dogo lakini linanikera. Fundi aliyezoea Kinshasa anachagua saa ya Kinshasa, na sisi tuko saa moja mbele, saa ya Lubumbashi. Linux ina Lubumbashi katika orodha yake. Ichaguliwe hiyo mara moja na jambo liishe. Tena, mashini nyingi za zamani zina betri ndogo ya saa iliyokufa, ya duara, inayoitwa CR2032. Ikifa, kila ukiwasha mashini inarudi miaka ya nyuma, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe haiaminiki. Watu wamewahi kuzitupa kompyuta nzima kwa ugonjwa huo wa betri moja.

Baada ya hapo, LibreOffice kwa kuandika na kuhesabu. GCompris kwa watoto wa shule ya msingi, yenye michezo ya hesabu na herufi. Kiwix, ambayo mimi naiona kuwa mali kuliko zote, kwa sababu inafungua ensaiklopedia nzima bila intaneti: Wikipedia ya Kiswahili, Vikidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto, na majaribio ya fizikia ya PhET ambayo shule isiyo na maabara inaweza kuyaona kwenye kioo. Mafaili haya ni mazito, mengine yanapita GB 4, na flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 haikubali faili moja la ukubwa huo; yapewe sehemu yao, ya mtindo wa ext4 au exFAT. Kisha vitu vyetu: maswali ya Exetat ya miaka iliyopita ambayo kila mwalimu anayo katika kabati lake, na vipindi vya redio vya afya na kilimo ambavyo vikishapita hewani vinapotea. Ya mwisho, viendeshi vya printa na vya Wi-Fi. Debian ilianza kuviingiza viendeshi vya Wi-Fi katika flashi yake ya kusimikia mwaka 2023, na hilo limetusaidia sana, lakini fundi ahakikishe kabla hajaondoka mjini. Kutafuta kiendeshi cha Wi-Fi mahali pasipo intaneti ni kutafuta ufunguo ulio ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kalibu ikiwa na kasoro, matofali yote yana kasoro. Kwa hiyo flashi ya kwanza ijaribiwe kwenye mashini tatu za aina tofauti kabla ya kunakiliwa. Na ichunguzwe flashi yenyewe. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa GB 512, hata TB 2, kwa bei ya chakula cha mchana, na ndani yake ni GB 8 tu. Unaandika, inapokea, inakuonyesha majina ya mafaili yako, lakini yaliyopita kipimo chake cha kweli hayapo. Programu ya F3 inaipima na kukuambia ukweli. Nayo iwekwe ndani. Jambo jingine la kuangalia ni umri wa mashini. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena flashi ya kusimikia kwa zile kuukuu sana za biti 32. Anayekuletea mashini ya namna hiyo leo, mwulizeni vizuri anamletea nani.

Ninyi wasikilizaji mliohama makwenu, huenda mnauliza: haya yanatuhusu wapi, sisi ambao hatuna hata meza? Nadhani yanawahusu kupita wote.

Hapa Lualaba neno kuhama lina milango mingi. Kuna waliotoka upande wa Mitwaba katika miaka ya vurugu za Bakata Katanga. Kuna waliokimbia Kivu baada ya Goma kuchukuliwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Na kuna waliohamishwa bila risasi kulia, kwa sababu chini ya nyumba zao kulikuwa na shaba na kobalti. Septemba 2023 ripoti ya Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH la Kolwezi ilieleza jinsi familia zilivyoondolewa kwa lazima kwa ajili ya machimbo, hata katika Cité Gécamines, katikati ya Kolwezi. Milango ni mbalimbali, lakini ukifika upande wa pili unaulizwa maswali yale yale. Buletini ya mtoto iko wapi? Cheti cha kuzaliwa? Karatasi ya kiwanja? Nyumba yako ilikuwa na vyumba vingapi, na unaweza kuonyesha nini?

Flashi ya namna hii inaweza kuwa na sehemu inayokumbuka. Kawaida ukiwasha kompyuta kwa flashi kisha ukaizima, kila ulichofanya kinafutika. Lakini ukiipa sehemu ya kuhifadhi, inabeba mafaili yako na mipangilio yako kutoka mashini moja mpaka nyingine, na sehemu hiyo inaweza kufungwa kwa neno la siri, kwa njia inayoitwa LUKS, hata aliyeiokota asiweze kusoma. Mama mwenye flashi hiyo anaweza kukaa mbele ya kompyuta ya shule, ya parokia au ya kibanda cha fotokopi, kama mwenyewe ameruhusu, akawasha kwa flashi yake na kufungua picha za buletini, za vyeti, za shamba na za nyumba ilivyokuwa kabla haijabomolewa. Anachapisha anachohitaji, anazima, anachomoa. Kwenye diski ya mashini ile hakuacha kitu, na virusi vya Windows vilivyolala ndani yake havikuamshwa.

Nisiwadanganye, ina hatari zake. Neno la siri likisahaulika, hakuna mlango wa nyuma. Basi lijulikane na watu wawili wa nyumba, baba na mama, au mama na mtoto mkubwa. Flashi inaanguka njiani, inalowa, inakufa tu yenyewe bila kuaga. Ziwe mbili, na moja ikae kwa ndugu. Tena picha ya karatasi si karatasi: ofisi inaweza kuikataa. Lakini kati ya anayefika mbele ya karani na picha yenye namba na tarehe, na anayefika na maneno matupu, mnajua nani atasikilizwa kwanza.

Hii ndiyo sababu ninasema mashini za shule zisifungiwe wanafunzi peke yao. Siku moja katika wiki, mchana, mlango ufunguliwe kwa familia zilizohama, pamoja na mwanafunzi wa kuwasaidia kupiga picha karatasi walizobaki nazo na kuziweka kwenye flashi. Wazazi wenyeji wasione wivu. Mvua ya leo iko kwa jirani.

Kuna wanaonipinga, na mmoja wao ni rafiki yangu mwalimu ambaye hoja yake naiheshimu. Anasema: mtoto akijifunzia Linux, kampuni za migodi hazitamchukua, kwa sababu ofisini kwao ni Windows na Excel. Ni kweli kwamba ofisini kwao ni hivyo. Pia ni kweli kwamba kuna programu za uhasibu na za kuchora ramani za machimbo ambazo Linux haina, na anayesomea kazi hizo anahitaji Windows. Basi katika mashini kumi, moja au mbili zibaki na Windows yenye leseni. Lakini mtoto aliyejua kupanga safu, kuandika fomula na kutengeneza barua katika LibreOffice anahitaji siku chache tu kuzoea Excel. Ambaye hakuwahi kugusa mashini kwa sababu ilikuwa chini ya kitambaa, huyo ndiye asiyechukuliwa.

Wengine wanasema Windows ya wizi ni ya bure pia, kuna kijana sokoni anaiweka kwa makuta kidogo. Ndiyo, anaiweka. Pamoja nayo anaweka ile programu ya kuvunja kufuli ambayo mara nyingi ndiyo inayofungua mlango kwa virusi, na baada ya miezi unamrudia, na unamlipa tena. Sina neno baya kwa kijana huyo, anatafuta chakula. Ningependa tu aitwe kufundishwa kutengeneza flashi hizi, kwa sababu mikono yake tayari inajua kazi, na malipo ya kusimika na kutunza atayapata vilevile.

Sasa fedha. Gharama ya flashi si kitu. Tatizo ni muda wa watu na safari ya kwenda penye intaneti. Hapa lazima tuitaje sheria. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni za migodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na Tenke-Fungurume yenyewe imo katika wilaya yetu ya Lubudi. Tena kuna daftari la masharti ambalo kampuni inakubaliana na wakaaji. Mara nyingi katika mazungumzo hayo sisi tunaomba vitu vinavyoonekana kwenye picha: jengo, paa, pampu, kompyuta. Siwakatazi. Naomba tu kwamba pale inapoandikwa kompyuta 30, mstari unaofuata uandikwe: flashi tatu zilizojaribiwa, mafunzo ya wiki moja kwa vijana wanne wa hapa, wawili kati yao wasichana, na kurudia kutayarisha flashi kila mwaka. Bila mstari huo, mahesabu yatasema fedha zimetumika vizuri, na mashini zitakuwa zimelala.

Lualaba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya Congo, na Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Betri za kompyuta za mkononi zimeilia sana kobalti hiyo. Sisemi hivyo ili tuonewe huruma. Nasema kwa sababu mtu wa Lubudi anayeomba kujua kitu kinavyotengenezwa upya hajaomba makubwa.

Wale vijana wanne wawe na daftari la karatasi, si faili. Waandike ndani yake kitufe cha kuwashia cha kila aina ya mashini waliyokutana nayo, jina la kila mashini, kwa maana kila moja ipewe jina lake zisije zikachanganyana kwenye mtandao wa shule, na tarehe iliposimikwa. Kabla ya kusimika wamwulize mwalimu kama ana kazi zake ndani ya diski, kwa sababu kusimika kunafuta vyote, wazinakili kwanza. Wafanye kazi asubuhi umeme wa SNEL ukiwa umetulia, na kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa, maana umeme ukikatika katikati ya kusimika unaanza upya. Na zile flashi tatu, moja ikae shuleni, moja parokiani au redioni, ya tatu iwe kwa kamati ya familia zilizohama. Hao ndio wanaojua kitu cha kubeba kwanza.